Hodi ya Saa Kumi

Gwamaka alipovaa mwili wa Bibi Tupokigwe kwa mara ya kwanza, kilichomshangaza si maumivu. Maumivu aliyatarajia. Kilichomshangaza ni umbali. Sakafu ilikuwa mbali, kama inavyotazamwa kutoka juu ya daraja, na kila alipotaka kuikanyaga ilimbidi kwanza aifikirie.

"Tembea," alisema Mwalimu Ambakisye.

"Natembea, mwalimu."

"Bado. Unafikiria kutembea. Mwenye mwili huu anafanya yote mawili kwa pamoja, na mkononi ana ndoo."

Walikuwa katika chumba cha mwisho cha chuo, ambacho zamani kilikuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Chini ya rangi mpya ya ukuta bado ulionekana mstari wa herufi kubwa na ndogo. Miaka ile Tukuyu ilikuwa na wazee wengi kuliko watoto. Madawati yalikuwa yametolewa, yakaletwa majiko, vitanda, vyoo vya mfano, ngazi zisizokwenda popote, na milango kumi na miwili iliyosimama katikati ya chumba bila nyumba. Hapo ndipo mafundi walipojifunza kurekebisha nyumba ili mzee aendelee kuishi ndani yake badala ya kuhamishwa.

Vazi lenyewe lilikuwa jepesi kama soksi. Kwa wiki tatu Bibi Tupokigwe alikuwa ametembea na khanga yenye nyuzi za kusikiliza mabegani mwake, akijua ni ya nini na akiicheka. Nyuzi zile ziliandika jinsi goti lake la kulia linavyokataa, jinsi moyo unavyokimbia anapoinama, sauti zipi zinamfikia na zipi zinaishia njiani, rangi zipi macho yake yameziacha. Kisha yote yakahamishiwa kwenye vazi, miwani na viziba masikio, na fundi akavivaa. Sheria ya kwanza ya chuo ilikuwa fupi: usiguse nyumba ya mtu kabla hujavaa mwili wake. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: ukimaliza, vaa tena.

Gwamaka alikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi wa vigae kabla hajaja chuoni, na vigae ndivyo vilivyomleta. Alikuwa amempa baba yake zawadi ya bafu jipya, vigae vyeupe vinavyong'aa mpaka mtu anajiona uso. Mzee aliwaita majirani waje kulitazama bafu. Wiki ya tatu aliteleza, akavunjika nyonga, na baada ya miezi minne wakamzika. Hakuna aliyemlaumu Gwamaka, na hilo ndilo lililomtesa. Mtihani wa mwisho alikuwa ameshaufeli mara moja, kwa sababu kila nyumba aliyopewa aliijaza reli na mito mpaka ikafanana na kitanda cha mtoto. Nyumba ya Bibi Tupokigwe ilikuwa nafasi yake ya pili, na chuo hakikutoa ya tatu.

*

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, pembeni mwa mashamba ya chai, ikiupa mgongo mlima Rungwe. Gwamaka alifika mchana, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mlima kama mtu ambaye hajaamua kushuka. Bibi alikuwa kibarazani, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mikono mikubwa isiyolingana na mwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uchungu umeanza saa ngapi?"

Gwamaka hakuelewa.

"Mkeo," alisema Bibi kwa upole, akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekimbia njia yote. "Chupa ya uzazi imeshapasuka? Keti kwanza, baba. Wa kwanza huwa hana haraka."

"Mama, huyu ni fundi," alisema mtu kutoka mlangoni. Alikuwa Sekela, binti yake wa pekee, mama wa miaka hamsini na kitu aliyefanya kazi ya kukagua parachichi Mbeya na kuja kila Ijumaa. "Amekuja kurekebisha nyumba."

"Ina kasoro gani?" Bibi aliuliza.

Sekela alimchukua Gwamaka mpaka nyuma, kwenye mlango wa jikoni uliotazama chai.

"Mama alikuwa mkunga miaka arobaini na mmoja," alisema. "Nusu ya watu wa hapa aliwapokea yeye. Sasa kuna siku anajua amestaafu, na kuna siku hajui. Kila siku, saa kumi jioni, ukungu ukishuka, anatoka kwa mlango huu. Jirani anayekaa naye anamrudisha. Mwezi wa nne jirani alikuwa sokoni. Nilimtafuta siku moja na nusu. Nilimkuta mimi mwenyewe, kwenye mtaro wa chai, siafu wakiwa wameshafika miguuni. Unajua alichoniambia? Aliniomba radhi kwa kuchelewa."

"Pole, dada."

"Nataka huu mlango usiwepo."

"Nikiuziba kwa matofali, moto ukitokea..."

"Najua mna namna nyingine. Nimeshatia sahihi kwenye fomu yenu."

Namna nyingine ilikuwepo. Chuoni waliiita mlango wa ukungu. Jicho likizeeka, lenzi yake hugeuka manjano, na rangi za bluu na zambarau huzama ndani ya manjano hayo zisionekane. Mlango wa ukungu hupakwa rangi ambayo tofauti yake na ukuta iko katika bluu peke yake. Jirani na mgeni huuona wazi, ila jicho la mzee huona ukuta mtupu. Kitasa hulazwa ndani, kingo husuguliwa, na kidole kikipita hakikwami popote. Mzee hafungiwi, ndivyo kilivyosema kitabu cha chuo. Anaacha tu kukumbuka kwamba pale palikuwa na njia.

Gwamaka aliutazama mtaro wa chai kule chini. Alimwona baba yake juu ya vigae vyeupe.

"Nitautengeneza," alisema.

*

Alifanya kazi siku tisa. Aliondoa kizingiti cha chumbani, akashusha rafu za jikoni, akakwangua sakafu ya bafu mpaka ikashika unyayo kama ulimi wa ng'ombe. Bibi alimfuata chumba kwa chumba akimpa chai. Siku nyingine alimwita fundi. Siku nyingine alimwuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Kila saa kumi jirani alimshika mkono na kumrudisha kitini. Siku ya tisa Gwamaka alipaka ule mlango tabaka la mwisho, na Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema, "Umepaka ukuta vizuri."

Kesho yake Mwalimu Ambakisye alikuja na daftari lake. Sekela alikuwa amempeleka mama yake kanisani kwa ibada ya alasiri ya wajane, nyumba ikawa tupu. Mwalimu alipita kila chumba bila kusema neno, na kwake ukimya ulikuwa sifa. Mwisho akaelekeza kidole kwenye vazi.

"Sasa vaa."

Gwamaka alivaa. Miguu ikaenda mbali, dunia ikawa na rangi ya chai ya maziwa, sauti za ndege zikakatika moja baada ya nyingine. Alikaa kwenye kiti cha Bibi. Nje ukungu ulikuwa unashuka, na ndani ya mwili ule ukungu haukuwa kitu kigeni. Ulikuwa kama kuongezeka kwa kitu kilichokuwa tayari ndani ya macho. Alikaa hivyo, akiwa nusu macho nusu usingizini, hajui ni dakika ngapi.

Ndipo akasikia mtu anaita.

*Hodi.*

Sauti nzito, ya mwanaume, kutoka nyuma ya nyumba. Kabla Gwamaka hajawaza chochote, ule mwili ulikuwa umesimama. Goti lililokataa halikukataa. Moyo ulipiga sawasawa, kwa nguvu. Mgongo ulinyooka. Aliwahi kuvaa miili kumi na saba ya wazee, na hakuna hata mmoja uliowahi kuwa mwepesi hivi.

*Hodi.*

Akavuka jikoni. Hapo ndipo penye mlango, alijua pana mlango, alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mbele yake palikuwa na ukuta. Alipeleka vidole huku na huku, juu na chini. Ukuta ulikuwa laini kama shavu. Nje mtu alikuwa anangoja, labda na mkewe amelala mahali, labda na damu, na kila pumzi iliyopita ilikuwa ya kwao. Mikono ilirudi mahali pale pale mara tano, mara sita, na kifuani kikapanda kitu ambacho Gwamaka hakuwa amekisikia tangu alipokimbia na baba yake mgongoni kwenda hospitali.

Alivuta viziba masikio kwa nguvu. Mara moja ile sauti ikageuka. Ilikuwa mluzi mwembamba tu, wa upepo unaopita kwenye bomba la kutolea maji ya ziada la tangi la maji ya mvua. Jioni upepo hupanda kutoka bondeni, hupuliza mdomo wa bomba, hukatika, hupuliza tena. Sikio zima husikia mluzi. Sikio la Bibi lilikuwa limepoteza sauti zote nyembamba, likabakiwa na nzito mbili zilizo chini yake: ho, di.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Ambakisye akiandika. "Mlango hukuupata. Umefaulu."

*

"Bibi hazururi, mwalimu," alisema Gwamaka. Alikuwa ameketi sakafuni, vazi limekunjwa mapajani. "Anaitwa. Anaitika."

Mwalimu alikwenda mpaka kwenye tangi, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na nane, na siku hizi alishuka ngazi kwa upande.

"Basi umepata dawa," alisema. "Weka sponji kwenye bomba. Hodi isiposikika, haendi. Mlango unaweza hata kuurudisha. Binti atafurahi."

Lilikuwa jambo la dakika tano. Gwamaka alikata kipande cha sponji, akaegemeza ngazi, akapanda. Akafika juu, mkono mmoja kwenye bomba, akahisi upepo ukimtekenya kiganja kama pumzi ya mtu. Akawaza ule wepesi. Saa ishirini na nne za siku, mwili ule ulikuwa mzigo, isipokuwa dakika chache za saa kumi. Sponji ingezima dakika hizo, na Bibi asingejua kilichochukuliwa. Angekaa tu kitini mpaka giza.

Lakini siafu nao walikuwa kweli. Mtaro ulikuwa kweli.

Akashuka na sponji yake mfukoni.

"Kuna mtu hatujamwuliza," alimwambia mwalimu.

"Kuna siku atakujibu, kuna siku atakuuliza habari za mtoto."

"Nitangoja siku ya kujibu."

Alingoja siku nne. Ya tano alimkuta Bibi jikoni akimenya ndizi, kisu kikienda haraka, maganda yakianguka marefu bila kukatika. Alipoingia, Bibi alisema, "Karibu, fundi," na macho yake yalikuwa yamekaa mahali pake.

Gwamaka akaketi kwenye kigoda, akamweleza. Hakuficha kitu. Alimweleza habari za rangi, za mlango, za bomba. Bibi aliendelea kumenya.

"Ile hodi, Bibi, ni upepo kwenye tangi."

"Najua."

Gwamaka akasogeza kigoda karibu.

"Kuna siku najua na kuna siku sijui," alisema Bibi. "Lakini sijawahi kungoja nijue kwanza ndipo niinuke. Huwa nimeshainuka. Miaka arobaini na mmoja, kama ningekuwa wa kukaa nijiulize ni nani huyo, ni kweli au naota, wangapi wangefia mlangoni?" Akatupa ndizi ndani ya sufuria. "Watoto hawazaliwi tena siku hizi. Mwaka jana hapa alizaliwa mmoja. Basi hata upepo ukinihitaji, nitaukatalia?"

"Sekela anaogopa."

"Aogope. Mimi niliogopa alipozaliwa yeye, alitoka na kitovu shingoni. Hatukumrudisha ndani kwa sababu ya kuogopa." Akamtazama. "Sasa nisikilize. Usinizibie masikio, na huo ukuta wako nauchukia, nilikuwa nadhani ni akili yangu. Lakini usiniache nianguke mtaroni pia, kulikuwa na baridi mno kule. Si ndiyo kazi mnayosomea?"

*

Aliyetia sahihi alikuwa Sekela, na kwa kanuni za chuo mwenye sahihi ndiye mwenye neno. Gwamaka alimngoja Ijumaa. Hakubishana naye. Alimpa vazi.

"Nivae la nini?"

"Ni mama yako, dada. Dakika ishirini tu."

Sekela alivaa akinung'unika. Kisha akaacha kunung'unika. Alijishika goti. Alitazama mikono yake kwa muda, akapapasa kiti kabla ya kukaa, kama vile mama yake alivyofanya. Bibi mwenyewe alikuwa nyumbani kwa jirani. Ukungu ulifika dirishani, ukasimama.

Upepo ulipopanda, Gwamaka alisikia mluzi. Sekela akasimama wima.

"Nakuja!" alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Alivuka jikoni upesi. Alifika ukutani, akapapasa. Gwamaka alikuwa amesimama pembeni, akiuona mlango wazi kabisa, wa bluu kama ua, na yule mama wa miaka hamsini akipitisha viganja juu yake bila kuupata. "Nakuja, ngojeni," alisema. "Nakuja." Akarudi kulia, akarudi kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo Gwamaka hakulitarajia. Alikunja ngumi, akaugonga ukuta kutoka ndani, taratibu, kama mgeni.

"Hodi," alisema Sekela. "Hodi, jamani."

Gwamaka alimvua miwani. Sekela aliuona mlango mbele ya pua yake, akaketi chini na kulia bila kujifuta.

"Umenifanyia ukatili," alisema baadaye.

"Ndiyo, dada."

"Hukumkuta wewe kule mtaroni. Hukuwatoa wewe wale siafu."

"Sikuwatoa mimi."

Ukungu ulikuwa unaingia kidogo kidogo chini ya mlango. Sekela aliutazama unavyotambaa sakafuni.

"Ondoa hii rangi," alisema. "Na mama akifa nje, Gwamaka, sitakwenda kwa mwalimu wako. Nitakuja kwako."

"Njoo kwangu."

*

Akatengeneza njia. Ilianzia mlango wa jikoni, ikashuka kwenye chai, ikazunguka juu ya mtaro bila kuugusa, ikarudi mpaka kibarazani: hatua mia na arobaini za mguu wa Bibi. Aliipima akiwa amevaa mwili wake, kwa hiyo alijua kwamba magoti yangechoka hatua ya sitini, na hapo akajenga kibanda kidogo chenye benchi. Reli ilikaa upande wa kushoto, mkono alioupenda. Ardhi aliichanganya na chenga za mpira, ikawa laini chini ya mguu kama njia ya ndotoni. Alimwonyesha Bibi yote siku akili yake ikiwa imetulia, asije akadhani amegeuziwa nyumba bila kuambiwa. Bibi alitembea mzunguko mzima, akasema kibanda kingependeza kikiwa na ndoano ya kutundikia koti.

Mwalimu Ambakisye aliitembea pia, polepole, mkono kwenye reli.

"Hii haipo kwenye kitabu," alisema. "Nje ya kuta si nyumba. Baraza la chuo litakaa kulijadili jambo hili."

"Nitafeli?"

"Sijui." Alikuwa amefika kwenye benchi, akaketi, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuinuka. "Mimi nimekupa alama. Wao watasema yao."

Baraza lilichukua muda, na cheti hakikuja. Gwamaka alirudi kupanga vigae, vile vinavyokwaruza, visivyoteleza, na kila jioni upepo ulipopanda alisimamisha kazi kidogo.

Mwezi wa nane, kwenye baridi kali, Sekela alimpigia simu. "Mama alianguka jana," alisema, simu ikakatika.

Gwamaka alikwenda mbio. Njiani hakuwaza cheti wala baraza. Aliwaza tu mikono mikubwa ile.

Alimkuta Bibi kibarazani, mkono wa kushoto ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko, blanketi magotini. Sekela alikuwa amesimama nyuma yake.

"Aliiacha reli," alisema Sekela. "Kulikuwa na msichana anapita na mtoto mgongoni, mtoto kweli, wa miezi miwili. Mama akakatiza kwenye majani ya chai akamwone."

"Ana kichwa kizuri," alisema Bibi. "Lakini wanamfunga vibaya. Nilimwambia."

Gwamaka alipiga magoti mbele yake. "Dada," alisema, "uliniambia utakuja kwangu."

"Nilikuwa nimeshaandaa matusi. Nimeyamaliza kwenye basi, peke yangu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilifika hospitali nikamkuta anawaelekeza wauguzi. Tangu mwezi wa nne sijamwona hivyo." Akavuta pumzi. "Mkono wa kushoto hauwezi kushika kwa wiki sita. Upande wa kulia hakuna reli."

"Wiki sita apumzike ndani, dada. Halafu..."

"Nimemwambia. Amenitazama tu." Sekela akainama, akachukua tepu ya kupimia iliyokuwa inaning'inia kwenye mfuko wa Gwamaka, akavuta ncha yake. "Umekuja na penseli?"

Wakashuka wote watatu. Ukungu ulikuwa umefika, mashamba ya chai yamepotea, dunia nzima imebaki hatua kumi za njia ya mpira. Sekela alishika ncha moja ya tepu chini, Gwamaka akashika nyingine juu, kwenye nguzo ya kwanza upande wa kulia.

"Hapa?" aliuliza Sekela.

Bibi aliinua mkono wake mzima, akaupeleka mbele, ukashuka wenyewe mpaka mahali ulipotaka kupumzika.

"Chini kidogo," alisema. "Mimi si twiga."

Gwamaka akaweka alama ya penseli pale mkono ulipofika.